Kuwafundisha Wanafunzi Kutafuta Taarifa za Utafiti Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa huulizwa na walimu, wakutubi na wazazi pindi wanapoona kazi za utafiti zikirudi na marejeo matatu yaleyale, yote yakiwa yametoka juu kabisa ya orodha ya matokeo. Majibu yamemlenga mwanafunzi wa sekondari na wa mwaka wa kwanza chuoni, ingawa mengi yanamfaa hata mwanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi akirahisishiwa lugha.

Wanafunzi wa leo wamezaliwa wakaikuta intaneti. Kuna haja gani ya kuwafundisha kutafuta?

Wamezoea kutafuta, lakini kile walichokizoea si utafiti. Mwanafunzi anayetafuta mara nyingi kwa siku kwa kawaida anatafuta mambo yenye jibu moja fupi: saa ya mechi, maana ya neno, tarehe ya mtihani. Utafutaji wa namna hiyo humzoeza kuamini kwamba jibu liko juu na kwamba kazi imekwisha likishaonekana. Katika utafiti mambo ni tofauti kabisa, kwa sababu swali halina jibu moja, vyanzo hupingana, na maandishi yenye manufaa zaidi mara nyingi yamejificha nyuma ya istilahi ambazo mwanafunzi bado hajazijua.

Upungufu huo hujitokeza hata katika mambo madogo. Mwaka 2011 Daniel Russell, mtafiti wa Google aliyekuwa akichunguza namna watu wanavyotafuta, alieleza kwamba takriban asilimia 90 ya watumiaji wa intaneti nchini Marekani hawakujua kwamba wakibonyeza Ctrl pamoja na F wanaweza kutafuta neno ndani ya ukurasa waliokwisha kuufungua. Mwanafunzi asiyelijua hilo akikutana na ripoti ya kurasa 80 huifunga, na wala si kwa uvivu, bali kwa sababu haoni pa kuingilia. Mimi ningeanza na jambo hilo siku ya kwanza. Linafundishika kwa dakika moja, na kwenye simu pia lipo, ndani ya menyu ya kivinjari.

Somo lianzie wapi?

Lianzie kwenye karatasi, kabla kifaa chochote hakijawashwa. Kosa linaloharibu kazi nyingi ni mwanafunzi kupewa mada kisha akaiandika mada hiyohiyo kwenye kisanduku cha kutafutia kana kwamba ni swali.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyepewa mada ya “simu na vijana.” Akiandika maneno hayo mawili atapata matangazo ya simu, maoni ya wazazi, hotuba na habari za burudani, vyote vikiwa vimechanganyika. Mwalimu amwombe kwanza aseme anataka kujua nini hasa. Pengine atasema anataka kujua kama simu zinadhuru. Zinamdhuru nani? Vijana wa sekondari. Zinadhuru nini: macho, masomo, usingizi? Akichagua usingizi, aulizwe tena: ni matumizi yoyote ya simu, au yale ya usiku kitandani? Baada ya mazungumzo ya dakika tano, mada imegeuka kuwa swali: je, kutumia simu kitandani usiku kunapunguza muda wa kulala kwa vijana wa miaka 13 hadi 18? Sasa ana maneno ya kutafutia yanayotokana na swali lenyewe, yaani simu, usiku, muda wa kulala na vijana.

Kuna swali la mwisho ambalo wanafunzi karibu wote hulikosa, nalo ni hili: nikipata nini nitajua kwamba nimejibiwa? Je, ni maoni ya daktari mmoja, uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi wengi, au mwongozo wa chama cha wataalamu? Aliyeamua mapema kwamba anahitaji mwongozo wa wataalamu atautambua akiuona, kwa mfano tamko la mwaka 2016 la American Academy of Sleep Medicine linalopendekeza saa 8 hadi 10 za kulala kwa umri huo. Asiyeamua ataupita, kwa sababu ukurasa wenye kichwa cha habari kinachovutia zaidi utakuwa jirani yake.

Je, waandike swali zima au maneno machache?

Injini za utafutaji za sasa zinaelewa maswali mazima kuliko zamani, kwa hiyo si kosa kuandika sentensi. Hata hivyo, swali zima huleta zaidi kurasa zilizoandikwa kwa muundo wa swali, na hizo mara nyingi ni kurasa fupi zilizotengenezwa ili kuvuta wasomaji. Maneno matatu hadi sita yaliyochaguliwa vizuri huleta maandishi ya kina zaidi.

Mbinu ninayoipendelea ni kumfanya mwanafunzi aandike maneno yale anayodhani yangetumiwa na mtu aliyekwisha kulijibu swali lake. Mtaalamu wa usingizi hataandika “vijana hawalali.” Ataandika “ubora wa usingizi,” “mwanga wa skrini” au “upungufu wa usingizi kwa vijana balehe.” Mwanafunzi hawezi kuyajua maneno hayo tangu mwanzo, na ndiyo maana utafutaji wa kwanza usihesabiwe kuwa wa kutafuta jibu. Lengo lake ni kuokota msamiati. Asome matokeo ya kwanza akiwa na kalamu mkononi, aandike istilahi mpya tatu au nne, kisha atafute upya kwa kutumia istilahi hizo. Wanafunzi wanaofundishwa kutafuta kwa awamu namna hii hubadilika haraka kuliko wanaokaririshwa alama.

Ni alama zipi za utafutaji ambazo ni lazima wazijue?

Ni chache. Alama za mtajo huiambia injini itafute maneno kwa mfuatano uleule, jambo linalosaidia sana katika majina na nukuu. Kistari cha kutoa kilichogandishwa mwanzoni mwa neno huondoa kurasa zenye neno hilo; anayetafuta habari za Mercury, sayari, anaweza kuandika kistari mbele ya neno linalohusu magari au zebaki. Amri ya site: ikifuatwa na anwani, bila nafasi baada ya nukta pacha, huufunga utafutaji ndani ya tovuti moja au kikoa kimoja (yaani anwani zenye mwisho mmoja, kama .org), na kwa maoni yangu hii ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, kwa kuwa sehemu ya kutafutia iliyomo ndani ya tovuti nyingi za mashirika ni dhaifu. Amri ya filetype:pdf huleta ripoti na makala kamili badala ya kurasa za habari. Neno OR, likiandikwa kwa herufi kubwa, hukubali neno moja au jingine.

Baadhi ya mafunzo ya zamani bado yanataja alama ya kujumlisha kama njia ya kulazimisha neno liwepo. Google iliiondoa mwaka 2011. Mwalimu ajaribu mwenyewe kila alama kabla ya kuifundisha, kwa sababu mambo haya hubadilika bila tangazo.

Watafute kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Kwa lugha zote wanazozisoma, na waelezwe sababu. Makala nyingi za kitaaluma zimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo mwanafunzi anayetafuta kwa Kiswahili pekee anajinyima sehemu kubwa ya maarifa. Lakini anayetafuta kwa Kiingereza pekee naye hukosa mengi: magazeti, tasnifu, sheria zilizotafsiriwa, mijadala ya wasemaji wenyewe, na kila kitu ambacho kiliandikwa kwa Kiswahili kwa sababu kinawahusu wasomaji wa Kiswahili.

Utafutaji kwa Kiswahili una ugumu wake ambao miongozo iliyoandikwa kwa lugha nyingine haiwezi kuutaja. Nomino zetu hubadilika mwanzoni mwa neno, ilhali katika Kiingereza badiliko kwa kawaida huwa mwishoni. Mwalimu huwa walimu, jicho huwa macho, ukuta huwa kuta. Hifadhidata nyingi humruhusu mtafutaji kuandika mzizi wa neno na kuweka kinyota mwishoni ili apate maumbo yote, lakini hila hiyo haitusaidii sana sisi, kwa sababu mzizi wetu uko mwishoni au katikati. Kwa hiyo mwanafunzi ajizoeze kutafuta umoja na wingi, na pia maumbo ya kitenzi yaliyo karibu: kufundisha, ufundishaji, mafunzo. Anayetafuta “ufundishaji wa hisabati” na kuishia hapo ataikosa makala yenye kichwa kinachosema “jinsi walimu wanavyofundisha hisabati.”

Ugumu wa pili ni istilahi zisizosanifika. Jambo moja huitwa akili bandia, akili mnemba na akili unde. Kingine huandikwa tabianchi, tabia nchi na tabia ya nchi. Zoezi zuri ni kuwapa wanafunzi dhana moja, wagawane majina yake, kila mmoja atafute kwa jina lake, kisha walinganishe kurasa tano za kwanza. Wanaona wenyewe kwamba ni kama wameingia katika maktaba tatu tofauti. Baada ya hapo huhitaji kuwaambia kwamba neno la kutafutia huamua kitakachoonekana.

Tokeo la kwanza si ndilo bora?

Ni lile ambalo injini imelikadiria kuwa linafaa zaidi, kwa vigezo vyake. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilijijengea sifa kwa wazo la Larry Page na Sergey Brin la kuutazama ukurasa unaounganishwa na kurasa nyingine nyingi kuwa na uzito mkubwa. Tangu wakati huo vigezo vimeongezeka sana, lakini hakuna hata kimoja kinachosoma ukurasa na kuthibitisha kwamba usemalo ni kweli. Zaidi ya hayo, nafasi za juu kabisa mara nyingi ni za matangazo yaliyolipiwa, ambayo alama yake ni ndogo.

Imani katika mpangilio wa matokeo ina nguvu kuliko tunavyodhani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka Chuo Kikuu cha Cornell, wanafunzi walioonyeshwa orodha ya matokeo iliyogeuzwa, yaani yaliyofaa kidogo yakiwa juu, bado walielekea kubofya yaliyokuwa juu. Darasani, dawa rahisi ni sheria ya kutobofya chochote kabla ya kusoma ukurasa mzima wa matokeo: anwani, kichwa na mistari miwili ya maelezo ya kila tokeo. Ndipo mwanafunzi achague kimoja na aseme kwa nini.

Mwanafunzi atajuaje kwamba tovuti inaaminika?

Kwa miaka mingi tulifundisha kwa orodha ya ukaguzi: tazama tarehe, tazama mwandishi, tazama kama ukurasa umeandikwa vizuri, soma sehemu ya “Kuhusu Sisi.” Orodha ya namna hiyo iliyoenea zaidi ilitungwa mwaka 2004 na Sarah Blakeslee, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California kilichoko Chico. Nia ilikuwa njema, na orodha hizo bado zina kazi yake, lakini zina udhaifu mmoja mkubwa: zinambakiza msomaji ndani ya ukurasa uleule anaoushuku. Mwenye tovuti ndiye anayeamua tarehe gani iandikwe, wasifu gani uwekwe na nembo gani ipambe juu. Kumuuliza yeye kama ni mwaminifu ni kumfanya shahidi wa kesi yake mwenyewe.

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walilionyesha hilo kwa uwazi mwaka 2017. Waliwatazama watu 45 wakitathmini tovuti: wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wachunguzi wa ukweli 10 wanaofanya kazi katika vyombo vya habari, na wanafunzi 25 wa Stanford. Kazi mojawapo ilikuwa kulinganisha kurasa za mashirika mawili yenye majina yanayofanana, American Academy of Pediatrics na American College of Pediatricians. La kwanza ni chama kikubwa cha madaktari wa watoto kilichoanzishwa mwaka 1930. La pili ni kundi dogo lililoundwa mwaka 2002 na waliojitenga nacho kwa tofauti za msimamo wa kijamii. Zaidi ya nusu ya wanafunzi waliliona kundi dogo kuwa la kuaminika zaidi. Wachunguzi wa ukweli wote walikitambua chama kikubwa, tena upesi.

Tofauti haikuwa akili wala elimu. Wanafunzi walisoma ukurasa kutoka juu hadi chini, wakavutiwa na mpangilio safi, marejeo na lugha ya kitabibu. Wachunguzi wa ukweli waliuacha ukurasa karibu mara tu walipoufikia, wakafungua vichupo vipya (kurasa nyingine ndani ya kivinjari kilekile), wakatafuta wengine wanasema nini juu ya shirika hilo, kisha wakarudi wakiwa tayari wanajua wako mikononi mwa nani. Watafiti hao waliuita mtindo huu usomaji wa pembeni, kwa sababu macho yanakwenda upande hadi kwenye vichupo vingine badala ya kushuka chini.

Hili ndilo jambo ambalo ningelifundisha kama ningeruhusiwa kufundisha moja tu. Lionyeshwe kwa vitendo: mwalimu asimame mbele ya skrini, afungue ukurasa asioufahamu, na aseme kwa sauti anachowaza. “Sijui shirika hili. Nafungua kichupo kipya. Naandika jina lake ndani ya alama za mtajo, halafu naiondoa tovuti yake yenyewe kwa kuandika kistari, site: na anwani yake, ili nione wengine wanasemaje.” Wanafunzi wakimwona mwalimu akisita, akikosea na kubadili maneno, hujifunza kwamba kusita si dalili ya kutojua.

Je, anwani inayoishia na .org au .edu ni dalili ya uaminifu?

Kikoa cha .org kinaweza kusajiliwa na yeyote, iwe ni shirika la hisani, kampuni au mtu mmoja mwenye jambo la kusukuma, kwa hiyo hakithibitishi chochote. Vikoa vya .gov na .edu vina masharti, na cha pili kimsingi ni cha vyuo vya Marekani vilivyoidhinishwa, lakini ndani ya tovuti ya chuo unaweza kukuta insha ya mwanafunzi iliyoandikwa usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho.

Tuwakataze Wikipedia?

Hapana. Katazo hilo huwafanya waisome kwa siri na kuificha katika marejeo, na hivyo tunapoteza nafasi ya kuwafundisha kuisoma inavyofaa. Wikipedia, iliyoanza Januari 2001, ni mahali pazuri pa kuanzia na pabaya pa kuishia. Inampa mwanafunzi muhtasari, istilahi, majina ya wahusika na, kilicho bora zaidi, tanbihi zilizo chini ya makala. Mwongozo wangu ni huu: ingia Wikipedia, shuka moja kwa moja hadi chini, chagua vyanzo vitatu, vifungue, kisha utumie hivyo ikiwa vinasema kweli kile makala inachodai. Wakati mwingine havisemi, na ugunduzi huo una manufaa makubwa kwa mwanafunzi. Ukurasa wa majadiliano na ule wa historia ya mabadiliko nao uonyeshwe, ili aone kwamba nyuma ya maandishi tulivu kuna watu wanaobishana kuhusu ushahidi. Toleo la Kiswahili lina makala fupi kwa mada nyingi, hivyo alinganishe na matoleo ya lugha nyingine anazozijua.

Makala za kitaaluma zinapatikana wapi, na tufanyeje zikidai malipo?

Google Scholar, iliyozinduliwa mwaka 2004, ndiyo njia nyepesi zaidi kwa anayeanza. Kwa tiba kuna PubMed, kwa elimu kuna ERIC, kwa majarida yanayosomwa bure kuna DOAJ, na kwa majarida yanayochapishwa barani Afrika kuna African Journals Online. Makala ikidai malipo, mwanafunzi abofye kiungo cha matoleo yote kilicho chini ya tokeo katika Google Scholar, kwani mara nyingi mwandishi ameweka nakala halali kwenye hazina ya chuo chake. Kumwandikia mwandishi barua pepe ya heshima kuomba nakala ni jambo la kawaida kabisa, na wengi hujibu.

Makala moja nzuri ni mlango wa kuingilia kwenye nyingine. Marejeo yake humrudisha msomaji nyuma kwenye kazi zilizotangulia. Kiungo kinachoonyesha ni akina nani walioinukuu humpeleka mbele kwenye kazi zilizofuata. Mwanafunzi anayekwenda pande zote mbili hutoka na vyanzo ambavyo asingevipata kwa kubahatisha maneno.

Afundishwe pia kusoma ikisiri, yaani muhtasari ulio mwanzoni mwa makala, kwanza, kisha hitimisho, ndipo aamue kama sehemu ya katikati inastahili muda wake. Tena akague kama makala haijafutwa na jarida. Mfano unaojulikana ni makala ya Andrew Wakefield katika jarida la The Lancet mwaka 1998, iliyotokana na watoto 12 na kuhusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji; jarida liliifuta mwaka 2010, lakini madai yake yangali yakizunguka kwenye kurasa zisizotaja kufutwa huko.

Mwanafunzi amepata takwimu ya kuvutia. Aitumie?

Aifuatilie hadi mahali ilipozaliwa. Nitaeleza zoezi moja ambalo hufanyika vizuri ndani ya kipindi kimoja.

Waandikie wanafunzi ubaoni dai hili linalopatikana kwenye kurasa nyingi mno: muda wa binadamu kuwa makini umeshuka kutoka sekunde 12 mwaka 2000 hadi sekunde 8, na sasa ni mfupi kuliko wa samaki wa dhahabu, ambaye ana sekunde 9. Waambie watafute lilikotoka. Mwanzoni watafurahi, kwa maana kila ukurasa unalithibitisha. Kisha wataanza kugundua kwamba kurasa hizo zinanukuliana zenyewe kwa zenyewe. Watakaovumilia watafika kwenye ripoti iliyotolewa mwaka 2015 na Microsoft nchini Kanada. Wengi watataka kuishia hapo, maana jina ni kubwa. Wasukume mbele: ripoti yenyewe inasema sekunde hizo imezitoa wapi? Inazitaja kutoka tovuti iitwayo Statistic Brain, wala haikuzipima. Na tovuti hiyo ilizitoa wapi? Hapo njia inapotea. Mwaka 2017 BBC ilifuatilia dai hilohilo, ikaviuliza vyanzo vilivyotajwa, na haikupata utafiti wowote unaoliunga mkono.

Mwanafunzi aliyeifuata njia hiyo kwa miguu yake mwenyewe hadi ikamwishia hasahau. Kila atakapokutana na asilimia isiyo na chanzo, atakumbuka wale samaki.

Akili mnemba inajibu maswali moja kwa moja. Bado kuna haja ya kutafuta?

Haja imeongezeka. Programu hizi hutunga maandishi kwa kukadiria maneno yanayoelekea kufuatana, na zinaweza kutunga jina la mwandishi, kichwa cha makala na nambari ya jarida ambavyo havijawahi kuwepo, kwa lugha ileile ya kujiamini inayotumika kwa mambo ya kweli. Mwaka 2023 mawakili mjini New York walitozwa faini ya dola 5,000 za Marekani baada ya kuwasilisha mahakamani hoja zilizonukuu kesi za kubuni walizopewa na ChatGPT. Hao walikuwa watu wazima wenye taaluma. Mwanafunzi wa miaka 15 ana udhuru zaidi yao, na anastahili kuonywa mapema zaidi.

Matumizi yanayofaa yapo, tena yenye manufaa. Mwanafunzi anaweza kuiomba programu impe visawe vya maneno yake ya kutafutia, imtajie matawi ya mada ambayo hakuyafikiria, au imwelezee kwa lugha nyepesi ikisiri aliyoisoma bila kuielewa. Kanuni ninayoisimamia bila kulegeza ni kwamba hakuna chanzo kinachoingia kwenye kazi kabla mwanafunzi hajakifungua kwa mkono wake na kukisoma. Muhtasari wa akili mnemba unaotokea juu ya matokeo ya utafutaji nao uko chini ya kanuni hiyo: usomwe kama fununu, kisha viungo vyake vifunguliwe.

Na picha?

Picha itafutwe kwa picha yenyewe, kupitia Google Lens au TinEye, ili ionekane ilianza kuchapishwa lini na kwa maelezo gani. Picha nyingi zinazopotosha ni za kweli kabisa. Cha uongo ni tarehe na mahali palipoandikwa chini yake.

Ukurasa tulioutumia mwaka jana haufunguki tena. Tufanyeje?

Anwani yake iwekwe kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, shirika lililoanzishwa mwaka 1996 na Brewster Kahle. Mara nyingi nakala ya zamani ipo. Afadhali zaidi, mwanafunzi ahifadhi nakala huko siku ileile anapousoma ukurasa, na aandike tarehe hiyo katika marejeo yake.

Tutasahihishaje ustadi huu, ikiwa tunaona tu kazi iliyokamilika?

Daftari la utafutaji lisahihishwe pamoja na kazi yenyewe. Kila mara mwanafunzi anapotafuta, anaandika maneno aliyoyatumia, alichokipata, na kwa nini alibadili maneno au aliacha chanzo fulani. Haihitaji kupendeza. Ukurasa mmoja wenye mistari kumi iliyokatwakatwa humweleza mwalimu mengi kuliko orodha ya marejeo iliyopangwa kwa unadhifu. Toa alama kwa chanzo kilichokataliwa kwa sababu nzuri, kwa maana usipofanya hivyo mwanafunzi hatakuwa na sababu ya kukataa chochote.

Daftari hilo pia huzuia wizi wa kitaaluma kwa njia ya upole kuliko vitisho. Anayeandika kwa maneno yake alichokisoma, akaweka anwani palepale, hafiki usiku wa mwisho akiwa na rundo la aya zilizonakiliwa ambazo hajui zimetoka wapi.

Vifaa ni vichache na mtandao unasuasua. Je, tunaweza kufundisha haya?

Sehemu kubwa inawezekana. Kugeuza mada kuwa swali, kukusanya visawe na kutabiri istilahi za wataalamu hufanyika kwa kalamu. Kwa kuchagua matokeo, mwalimu achapishe ukurasa mmoja wa matokeo ya utafutaji, augawe kwa kila kikundi, na wanafunzi wazungushie duara kiungo watakachokifungua kwanza, waweke alama kwenye tangazo, na waandike pembeni wangetafuta nini kuhusu mwenye tovuti kabla ya kumwamini. Kifaa kimoja chenye mtandao kikiwa mbele ya darasa, kila kikundi kinamtuma mtu mmoja na maneno yake ya kutafutia yakiwa yameandikwa tayari. Kwa kuwa nafasi ni moja, maneno hayo huwa yamejadiliwa, yamekatwa na kuandikwa upya mara kadhaa kabla hayajafika kwenye kisanduku.